Gari la kukodi kutoka Bukavu mpaka Tshivanga: safari mbili, udongo uleule

Nimekodi gari mara mbili kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenda Tshivanga, kwenye kituo cha Hifadhi ya Kahuzi-Biega, nipate kuupanda mlima Kahuzi. Mara ya kwanza, mwezi wa nne, niliuona mlima kwa mbali tu nikarudi nyumbani na tope mpaka magotini. Mara ya pili, mwezi wa kumi na moja, nilifika kileleni. Misimu yote miwili ni ya mvua na barabara ni hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa gari, na zaidi mtu aliyeshika usukani, kwa hiyo nitaeleza yote mawili kwa undani ili mwingine asipoteze pesa na siku yake kama mimi.

Kwa asiyeijua njia: ukitoka mjini unapita upande wa Bagira, halafu Mudaka penye soko, mpaka Miti. Hiyo ndiyo barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu, kwa hiyo magari ni mengi na moto, yaani pikipiki, ni nyingi zaidi. Ina mashimo, lakini hata taksi ndogo inapita. Pale Miti njia zinaachana. Moja inaendelea Kavumu, Katana, Kalehe, na mwisho wake ni Goma. Nyingine inageukia milimani, inapasua hifadhi yenyewe, inashuka Bunyakiri na kuelekea Walikale. Kwenye ramani ndiyo ile ile inayofika Kisangani. Tshivanga iko kwenye hii ya milimani, kilomita 30 na kitu tu kutoka mjini. Namba hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nilihesabu saa moja na nusu, kumbe hiyo ni hesabu ya mwezi wa saba, wakati vumbi ndilo tatizo peke yake.

Ziwa letu la Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308. Sehemu kubwa ya mwinuko huo utaukwea kwa miguu yako, lakini gari nalo lina fungu lake, na sehemu kubwa ya fungu hilo iko baada ya Miti. Udongo wa pale ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukinyeshewa, juu unakuwa kama sabuni iliyolowa huku chini bado ni mgumu, kwa hiyo mpira hauzami, unateleza. Halafu yanakuja malori kutoka Bunyakiri, yamebeba makala (mkaa), mbao na ndizi, yanachimba mifereji miwili katikati ya njia. Gari dogo likiingia kwenye mifereji hiyo tumbo linakaa juu ya tuta na magurudumu yanazunguka hewani. Ukikwepa, uko ukingoni, na upande mmoja ni mtaro wa maji, upande mwingine ni bonde.

Safari ya kwanza niliikodi kwa kutazama rangi. Gari la jeep lilikuwa jipya kwa macho, limeoshwa, viti safi, redio inalia. Mwenye gari aliniambia ni gari la kuvuta magurudumu manne, akanionyesha taa ndogo kwenye dashibodi ikiwaka. Dola 80 kwa siku, mafuta juu yangu. Nikalipa nusu papo hapo. Sikuyatazama matairi. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kuyatazama. Tulisimama karibu nayo tukiongea bei kwa robo saa nzima.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi, mdogo wangu na rafiki zetu wawili. Usiku ulikuwa umenyesha. Mpaka Miti hatukuwa na shida, isipokuwa shofere alikuwa anakimbia. Ni kijana, na nadhani alikuwa na haraka ya kurudisha gari jioni. Alikuwa anapita kwenye madimbwi bila kupunguza, na kando ya njia kuna wale mama zetu wanaoelekea sokoni, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mmoja alimwagiwa tope mwili mzima. Nilimwambia kijana asimame tumwombe mama msamaha, akasema tutachelewa. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Tulipoanza kupanda, katikati ya mashamba ya chai, gari lilianza kwenda kiupandeupande. Kijana akaongeza mafuta. Kila akiongeza, nyuma inahamia kwenye mtaro. Kona ya pili tukaingia mtaroni kabisa, tukalala kwa ubavu wa kushoto. Tukashuka kupitia milango ya kulia. Mdogo wangu, ambaye amefanya kazi gereji, alisimama mbele akamwambia shofere akanyage kidogo. Magurudumu ya mbele hayakutikisika. Taa ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, lakini mbele hapakuwa na nguvu hata kidogo. Na mipira ya nyuma ilikuwa imeisha meno, laini kama kisigino cha ndala ya zamani.

Vijana wa kijiji walikuja na majembe na kamba. Walichimba mtaro, wakaweka mawe na matawi chini ya mipira, wakavuta. Ilichukua saa mbili, maana juu yetu kulikuwa na Fuso la makala limesimama likisubiri nafasi ya kushuka na chini yetu kulikuwa na pikipiki zaidi ya ishirini. Niliwapa vijana franka nilizokuwa nazo, na walistahili zaidi. Tulifika Tshivanga karibu saa sita mchana. Walinzi walitupokea kwa upole, wakatupa maji, wakatueleza kwamba saa hizo hakuna anayeanza kupanda Kahuzi: kupanda na kushuka ni kazi ya siku nzima, na giza la msituni linaingia mapema. Walikuwa na haki. Tukageuza.

Nilimpigia mwenye gari. Alisema taa inawaka, kwa hiyo gari ni zima. Pesa haikurudi.

Mara ya pili nilitafuta shofere kwanza, gari baadaye. Niliulizia kwa watu wanaopeleka dawa na mbegu upande wa Bunyakiri, maana hao wanapita kila wiki, mvua na jua. Wawili walinitajia mzee mmoja huyo huyo. Nitamwita Papa tu. Gari lake ni Land Cruiser ya zamani, ya mazuti (dizeli), ile ambayo magurudumu yake ya mbele yana vifungo vya katikati unavyozungusha kwa mkono kabla ya kuingiza krabo, yaani nguvu ya magurudumu manne. Rangi imebabuka, dirisha moja linafungwa kwa kuvutwa. Dola 100 kwa siku, na alikataa kwenda kwa siku moja.

"Mama, ukitaka mlima, tulale juu. Ukitaka kwenda na kurudi, tafuta mwingine."

Kabla sijatoa hata dola moja aliniita mwenyewe nilitazame gari. Akaliingiza kwenye rundo la mchanga laini kando ya gereji, akashuka, akafunga vile vifungo, akaingiza krabo, akaniambia nisimame pembeni niangalie gurudumu la mbele tu, nisiangalie kitu kingine. Akaondoa gari polepole. La mbele lilizunguka pamoja na la nyuma, likatupa mchanga. Jaribio lenyewe halikufika dakika tatu. Ukikodi gari kwa njia hii ya Tshivanga, lidai hilo jaribio, na mwenye gari akikataa usimlipe. Angalia pia mpira wa akiba kama una upepo, jeki kama inapanda, na kama kuna kamba na jembe ndani. Papa alikuwa na majembe mawili, sepeto na mbao mbili fupi za kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye potopoto jeki isiyo na ubao inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Tulitoka Ijumaa saa sita mchana. Mvua ilitukuta Mudaka, ikawa kubwa, ikapita. Tulipofika Miti jua lilikuwa limeshatoka tena, nami nikafikiri tutaendelea. Papa akaegesha chini ya mti, akazima.

"Papa, tunangoja nini?"

"Tungoje jua lilambe udongo."

Tulingoja saa mbili na nusu. Alinunua mahindi ya kuchoma, akatugawia, akatoa kiti chake kidogo akakaa. Magari mengine yalipita, na kila lililopita alilitazama mpaka lipotee kwenye kona ya kwanza. Baadaye aliniambia alikuwa anasikiliza. Injini ikipiga kelele mahali pamoja muda mrefu, anajua ni kona gani imeharibika na imeharibika kiasi gani. Nimepanda magari tangu utoto na sikuwahi kufikiri kwamba kungoja ni kazi ya shofere. Pale nilikuwa namlipa angoje, na sioni pesa niliyoitumia vizuri zaidi katika safari ile.

Saa kumi akapunguza upepo kidogo kwenye mipira yote minne ili ikae bapa na kushika udongo, akafunga vifungo, tukapanda. Alikuwa anaingia kona akiwa tayari kwenye vitesi (gia) ndogo, hakubadilisha katikati ya mlima hata mara moja. Kwenye mifereji ya malori alipanda juu: gurudumu moja kwenye tuta la katikati, jingine kwenye ukingo wa ndani, upande wa mlima, si wa bonde. Mahali pawili alisimama, akashuka, akatembea mbele kwa miguu na fimbo, akachoma tope kupima kina, akarudi. Na kila alipokuta mama mwenye mzigo alipunguza mpaka karibu kusimama, akitoa salamu ya Kishi, lugha ya Washi wa huku, "Asinge", na mama anaitikia bila hata kuinua kichwa chini ya kamba. Ile kona yetu ya mwezi wa nne tuliipita bila neno. Mimi peke yangu ndiye niliyegeuka kuitazama.

Tulilala kwenye hema karibu na kituo, kwa ruhusa. Beba sweta nzito. Watu wa Bukavu tunadhani tunaijua baridi, ya kule juu ni nyingine.

Asubuhi kulikuwa na kipande kingine cha barabara, ndani ya hifadhi, mpaka njia ya miguu inapoanzia, na kipande hiki wengi wanakisahau. Ni kifupi lakini miti na mianzi imefunika juu, jua halifiki chini. Kwa hiyo hata siku mbili baada ya mvua tope bado ni bichi, na ujanja wa kungoja haufai hapo. Papa alikipita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuna mahali gari lilikaa kwa tumbo, tukachimba kidogo, dakika kumi na tano, tukatoka.

Kuhusu kupanda kwenyewe sitasema mengi: ni msitu, halafu mianzi inayobana, halafu juu kabisa vichaka vya kupenda baridi na upepo, mlinzi mbele na mlinzi nyuma. Kahuzi ni volkano iliyozimika. Mawingu yalifunguka dakika chache tu, lakini zilitosha.

Kushuka ndiko kulikonitisha. Tulianza saa tisa alasiri na mvua ilikuwa imeshaanza. Papa alitushusha wote kwenye mteremko mbaya zaidi, akatuambia tutembee, yeye ashuke na gari tupu. Aliweka vitesi ya kwanza na krabo, akaondoa mguu kwenye freni kabisa, injini ndiyo ikashika gari. Alinieleza kwamba ukikanyaga freni kwenye udongo ule magurudumu yanafunga, na gurudumu lililofunga halisikii usukani tena. Lilishuka likinguruma, polepole sana, sisi nyuma yake tumeshikana mikono tusianguke.

Kasoro za safari ya pili ni mbili. Viti vya nyuma havina mikanda, na nilimwambia, akakubali kwamba atatafuta. Na gari lile linakunywa mazuti kweli. Hesabu fedha ya mafuta mbali na ya kukodi. Kwa jumla nilitoa zaidi ya mara mbili ya safari ya kwanza, siku mbili, mafuta, na kidogo cha vijana wanaojaza mashimo kwa salongo yao (kazi ya pamoja) karibu na mashamba ya chai. Hao wape bila kunung'unika, bila wao kona ile isingepitika kabisa.

Kama unaweza kuchagua, nenda kati ya mwezi wa sita na wa nane. Vumbi utalila, funika pua, lakini utafika. Kama ni msimu wa mvua, toka siku moja kabla. Na kabla ya yote pigia kituo simu siku hiyo hiyo ya kuondoka, uulize habari za usalama na za malori yaliyokwama. Mambo yanaweza kubadilika kati ya asubuhi na mchana.

Mdogo wangu hakuwepo safari ya pili, alikuwa kazini, na tangu hapo hanipi amani. Nimeshaongea na Papa: Ijumaa saa sita mchana, gari lile lile, na mahindi ya Miti safari hii nanunua mimi.