Nilikodi kamera ya mwendokasi, nikapewa filamu ya vumbi

Kijana mwenye kamera ya mwendokasi, ile ya kupunguza kasi ya tukio, msimkodi. Nina machimbo ya kokoto huku Mtwara, njia ya Masasi, na tangu kabla ya msimu wa korosho wazee wa kijiji wananijia: baruti zako zinatupasulia nyumba. Nawaambia mashimo yangu ya baruti yanalipuka kwa kupishana milisekunde 25 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), hayaendi kwa mkupuo yakatikisa ardhi. Thibitisha, wakasema. Video ya simu ni fremu 30 kwa sekunde, yaani milisekunde 33 kati ya fremu na fremu. Shimo zima linapita hapo katikati hulioni. Ndipo nikamwita kijana mwenye kamera ya fremu elfu kwa sekunde.

Shikamoo hakutoa. Nikamuuliza fito za kipimo, za kuonyesha umbali kwenye picha, ziko wapi. "Mzee, hii kamera, si futikamba." Jamani! Taylor, yule Mwingereza, alikokotoa nguvu ya bomu la nyuklia la New Mexico, Marekani, la 1945 kutokana na picha, lakini picha zile zilikuwa na mstari wa mita 100 na muda umeandikwa. Nikakata mianzi, nikaipaka rangi kila mita, nikaisimamisha mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Kamera hizi si kama za harusi. Kumbukumbu inajaa kwa sekunde chache, kisha inafuta picha za zamani ili iandike mpya; kitu kikishalipuka unabonyeza hapo hapo, ibakize kilichopita. Yeye simu sikioni. Tulikaa kama mita 500, vumbi likainuka, sekunde moja na nusu ndipo mshindo ukatufikia, akaruka, akacheka, akamuuliza wa kwenye simu, "Umesikia?" Akaendelea na stori. Ndipo akakumbuka kubonyeza.

Tukafungua kompyuta: vumbi. Vumbi linashuka taratibu, kila chembe unaiona, mawe yameshalala.

"Lipua tena basi, mzee." Utadhani baruti ni fataki za Idi!

Alirudi baada ya wiki kadhaa, kwa nusu bei, baada ya kugombana sana. Safari hii alibonyeza. Na hapo ndipo naishiwa maneno, maana sijawahi kuona mwamba ukivimba kama andazi kabla ya kupasuka, fremu kwa fremu, mianzi yangu imesimama mbele. Shimo la kwanza, la pili, la tatu, la nne... la tano na la sita yakaenda pamoja. Pamoja kabisa. Wazee hawakuwa wanasingizia.

Picha nimempelekea mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, na fundi wangu wa kuunganisha viwashio vya baruti tumeshakaa naye. Kamera sina ugomvi nayo. Nimkodi tena yule kijana? Labda. Ila simu yake nitaishika mimi.