Mbegu za Northern Lights kwenye baridi na unyevu: ya kawaida imeozea mtini, ya oto imenivusha

Wadau, msimu umeisha na nimeona niandike mapema kabla sijasahau, maana mimi kabla sijanunua nilitafuta sana maoni ya mtu anayelima bangi nje, sehemu ya baridi na manyunyu, nikakosa, kila mtu anaongelea hema la ndani na taa zake. Mimi nimelima nje, mimea 3 tu, ninapoishi sheria inaruhusu kwa matumizi yako mwenyewe. Na hili naliweka mbele kabisa, usiguse mbegu kabla hujajua sheria ya ulipo: Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea 3, Kanada tangu 2018 ni mimea 4 kwa kila nyumba lakini jimbo la Quebec limekataa kabisa, na nchi nyingi sana bado ni jela, hakuna mjadala.

Basi, nilichukua pakiti mbili za Northern Lights, hiyo ni aina ya bangi, zote mbegu za kike. Moja ile ya kawaida, inayosubiri usiku urefuke ndo ianze kutoa maua, nyingine ya oto, yaani ile yenye damu ya ruderalis, bangi ya porini, ambayo haijali usiku wala mchana, umri wake ukifika inachanua. Kuota hakuna shida, zilichomoza zote ndani ya siku 4. Nikaweka mbili za kawaida kwenye vyungu vya lita 20 na ya oto kwenye cha lita 11.

Kwenye pakiti ya kawaida kulikuwa na maneno haya: indica (yaani jamii ya bangi fupi ya majani mapana), inapenda baridi, inahimili ukungu. Hapo kwenye ukungu, yaani kuvu inayoozesha maua, sio ukungu wa hewani, ndo nina ugomvi nao.

Baridi kweli inahimili, siwezi kuisingizia. Usiku zilishuka mpaka nyuzi 6, mmea ukapunguza mwendo kidogo basi, majani yakaanza kushika zambarau kwenye kingo, ni rangi ileile inayokaa kwenye kabichi nyekundu, haina madhara yoyote, ukiuona vile asubuhi unapendeza mno. Mfupi, mnene, majani mapana, haujayumba na upepo hata siku moja.

Sasa unyevu. Watu wanachanganya baridi na unyevu kama vile ni kitu kimoja na ni vitu viwili tofauti kabisa. Asili ya hizi indica za majani mapana ni milima ya Hindu Kush, Afghanistan na Pakistan huko, usiku kuna baridi kali ndiyo lakini wakati wa mavuno hewa ni kavu, kwa hiyo mmea ulizoea kutengeneza ua lililobana kama ngumi na halikupata tabu kwa sababu hakuna mvua ya kulioza. Ulete ua hilohilo kwenye umande wa kila alfajiri na manyunyu ya siku tatu mfululizo, linafyonza maji kama sponji na hewa haipiti ndani. Ile baridi wanayoisifia kwenye pakiti ni baridi ya mlima mkavu!

Nilivyogundua ni hivi. Mwishoni mwa Septemba, asubuhi, naangalia kichwa kikubwa cha juu kabisa, kimejaa chembechembe zinazong'aa, harufu mpaka mlangoni, nikaona jani moja dogo linalochungulia katikati limekuwa la njano wakati wenzake wote ni kijani. Nikalivuta kwa vidole viwili, likaja lenyewe bila kugoma, shina lake chini limekuwa kahawia kama majani ya chai yaliyochemshwa. Nikafungua ua kwa vidole gumba, ndani kijivu kitupu, na vumbi likapanda kama nimepuliza jivu. Huo ndo ukungu wa kijivu, Botrytis, uleule unaomaliza zabibu na stroberi. Unaanza ndani kwenye kijiti unakuja nje, kwa hiyo ukiona dalili kwa nje ujue umechelewa. Siku ya tatu vichwa vinne vimeondoka, mpaka nakata mimea yote miwili nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu, na ilikuwa imebaki kama wiki moja na nusu tu ikomae. Iliniuma sana, miezi mitano ya kuamka mapema.

Sio kwamba nilikaa tu. Nilikuwa nimeweka paa la nailoni nyeupe juu na pembeni nimeacha wazi, nilipunguza majani ya ndani, kila asubuhi natikisa mashina umande udondoke, maji namwagia chini kwenye udongo na sio jioni. Bila hivyo nadhani nisingepata hata ile nusu. Na kitu kimoja nilichelewa kukijua, viwavi: wanatoboa ua wanaingia ndani na kinyesi chao ndo kinaanzisha uozo, vichwa viwili nilivyofungua nimemkuta kiwavi mwenyewe amekaa palepale. Kagua chini ya majani kuanzia siku maua yanapoanza.

Ukikuta umeoza, funika kile kichwa na mfuko kwanza ndo ukate, ukikata hivihivi lile vumbi linahamia kwa majirani zake. Na usikate kipande kibaya ukakausha kilichobaki kwenye kichwa hichohicho ukasema hiki kizima, tupa chote, huo ukungu ukiuvuta unaenda kwenye mapafu, na mwenye kinga dhaifu anaweza kuumwa vibaya.

Haya, ya oto. Nilipanda katikati ya Mei, mwisho wa Julai nimekata, wiki 10 na siku kadhaa kutoka mbegu. Haijaiona mvua ya vuli kabisa, na siri yote iko hapo, haina ubavu wa kupambana na ukungu kuliko mwenzake, ila inamaliza kazi wakati umande unakauka saa mbili asubuhi. Maua madogo yameachana achana, sikukuta uozo hata chembe, nilichopata ni ubwiri unga kwenye majani mawili ya chini nikayatoa. Mavuno ni kidogo, usitegemee mengi, mmea mmoja umefika kiunoni basi. Harufu ni ya msonobari na udongo uliolowa, na kazi yake ni usingizi, ukiwa na shughuli jioni usiiguse.

Kukausha napo kwenye unyevu ni vita nyingine. Nilitundika chumba chenye giza, nyuzi 17 hivi, na mashine ya kunyonya unyevu nikaiseti kwenye asilimia 58, feni inapuliza ukutani sio kwenye maua, siku 11 kijiti kikaanza kuvunjika badala ya kupinda. Bila ile mashine hata ya oto ingeharibikia ndani.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu maneno ya kwenye pakiti, nikatuma na picha. Wakajibu eti nimemwagilia sana. Mvua simwagilii mimi, na mtu anayeuza mbegu kwa watu wa sehemu za mvua anatakiwa aandike kabisa kwamba hii ya kawaida inataka vuli kavu au paa na hewa, maana mtu anapoteza msimu mzima.

Kwa nje kwenye unyevu, ya kawaida nyota 2 na ni kwa sababu ya baridi tu, ya oto nyota 4. Zimebaki mbegu 2 za oto, mwakani naweka moja katikati ya Mei na nyingine wiki tatu baadaye, zote nikate kabla Agosti haijaisha.