Njia ipi huondoa marudio haraka zaidi kwenye arei ya JavaScript? Tunazipima leo

Watazamaji wangu, karibuni sana. Niko Kisumu, na leo tunachambua kitu kisichoshikika mkononi: njia za kuondoa vitu vilivyojirudia kwenye arei, yaani orodha ya vitu ndani ya msimbo, ya JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za wavuti. Mfano wetu ni orodha ya namba za simu za wakulima, kuanzia Bungoma na Kakamega hadi Ahero, wanaotakiwa kutumiwa ujumbe mfupi. Namba ikiingia mara tatu, mkulima anapata ujumbe mara tatu na kikundi kinalipia mara tatu. Hizo ni pesa za wanachama.

Tuanze na ile inayofundishwa sana, filter (huchuja vitu vya kubaki) pamoja na indexOf (hutafuta kitu kilipo kwa mara ya kwanza). Ni mstari mmoja na inasomeka vizuri. Lakini angalieni inavyotenda kazi. Kwa kila namba, indexOf inarudi mwanzo wa arei na kulinganisha moja moja mpaka iipate. Ni kama makanga wa matatu ya Kakamega ambaye kila abiria akipanda, anaanza upya kiti cha kwanza kuuliza nani amelipa. Namba mia moja, hamna shida. Namba 10,000 ambazo zote ni tofauti, ulinganisho unafika takriban milioni 50. Zikiwa 100,000, unafika kama bilioni 5. Orodha imekua mara kumi, kazi imekua mara mia! Na kazi hiyo ikiendelea ndani ya kivinjari, ukurasa unaganda, hata vitufe havibonyezeki. Njia ya reduce na includes, inayojenga orodha mpya huku ikiuliza kila mara kama kitu tayari kimo, nayo ina ugonjwa huohuo, kwa hiyo sitapoteza muda wenu.

Niitendee haki lakini. Kama orodha ni ya majina ya kaunti, yako 47 tu. Hata safu zikiwa laki moja, mradi majina yamechanganyika, indexOf inalipata jina mapema na kusimama. Tatizo linakuja pale vitu vingi vinapokuwa tofauti, na namba za simu ndivyo zilivyo.

Sasa Set, mkusanyiko usiopokea kitu kilekile mara mbili. Iliingia kwenye JavaScript mwaka 2015, na ndiyo chaguo langu bila kusita. Unaimimina arei ndani ya Set, kisha unairudisha kuwa arei. Haizunguki orodha nzima kutafuta. Kila namba inakokotolewa mahali pake pa kukaa, halafu Set inaangalia hapohapo kama pameshachukuliwa. Orodha ikikua mara kumi, kazi nayo inakua karibu mara kumi. Mpangilio wa mwanzo unabaki vilevile. Gharama yake ni kumbukumbu ya ziada ya kompyuta, na kwa orodha za ukubwa huu ni gharama ninayoikubali.

Kupanga kwa sort kisha kuruka majirani wanaofanana nako kunafaa kwa orodha kubwa. Shida ni kwamba sort inaivuruga arei yenyewe ya awali, na usipoipa maelekezo inapanga namba kama maandishi, 10 inatangulia 9. Njia ya zamani ya kutumia objekti, yaani kifurushi cha taarifa ambapo kila moja ina jina lake (ufunguo), kama daftari ina kasi, ila inageuza funguo kuwa maandishi, hivyo 1 ya namba na "1" ya maandishi zinahesabiwa kitu kimoja.

Mkitaka kupima wenyewe, tumieni performance.now, saa ya kupima muda wa msimbo, rudieni jaribio mara nyingi na mtupe matokeo ya mwanzo, kwa sababu injini inayoendesha JavaScript huanza polepole kabla haijauboresha msimbo wenu.

Lakini hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kasi yote hiyo haisaidii kitu kama namba moja imeandikwa kwa sura nne. Karani mmoja ameanza na 07, mwingine 254, mwingine ametanguliza alama ya kujumlisha, na lahajedwali nayo imemeza ile sifuri ya mbele. Kwa Set, hizo ni namba nne tofauti, na mkulima wa Webuye atapokea ujumbe mara nne. Kwa hiyo safisha kwanza: ondoa kila kisicho tarakimu, chukua tarakimu tisa za mwisho, tanguliza 254. Hilo linafaa kwa namba za 07 na za 01 pia. Kisha ndiyo uite Set.

Na kama kila mkulima ni objekti yenye jina, simu na wadi, Set haitaona marudio kabisa, maana inaangalia kama ni objekti ileile, haisomi yaliyomo. Tumia Map, mkusanyiko unaohifadhi taarifa moja kwa kila ufunguo, simu ikiwa ufunguo. Kumbuka tu kwamba Map huhifadhi taarifa iliyoingia mwisho. Ukitaka ya kwanza, tumia has kuuliza kama simu hiyo tayari imo kabla ya kuweka.

Ufunguo wenyewe mchagueni kwa makini. Vijijini huku, mume na mke wengi wanatumia simu moja. Kwa orodha ya ujumbe, kuwaunganisha ni sawa kabisa. Kwa orodha ya kugawa mbolea, utakuwa umemfuta mtu mwenye shamba lake, kwa hiyo hapo tumieni namba ya kitambulisho. Msimbo wote uko chini ya video. Ujaribuni na orodha zenu, mniandikie mlichokipata.