Safari ya Stephens na Catherwood: uliza michoro kabla ya kulipa

Ninakusanya vitabu vya zamani vya akiolojia ya Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, na nilichokitamani kuliko vyote ni Incidents of Travel in Central America, Chiapas and Yucatan cha John Lloyd Stephens, majuzuu mawili yaliyotoka New York mwaka 1841 yakiwa na michoro ya Frederick Catherwood. Chapa ya kwanza mfuko wangu hauiwezi. Basi nikaagiza mtandaoni nakala mpya, zile zinazochapwa mteja akishalipa.

Ilifika jalada likimeremeta. Nikaenda moja kwa moja kwenye kurasa za Copán, magofu ya mji wa Wamaya huko Honduras, na hapo moyo ukaninyong'onyea. Nguzo ya jiwe ambayo Catherwood aliichora kwa mistari myembamba kama unywele imegeuka doa jeusi. Uso huuoni, maandishi ya ubavuni ndiyo kabisa. Ramani ya safari iliniuma zaidi, maana aliyeipiga picha hakujisumbua kuikunjua: ukurasa mzima unaonyesha karatasi iliyokunjwa tu.

Maneno yamo yote, sikatai. Ila humo humo Stephens anasimulia alivyomkuta mwenzake Copán, mwaka 1839, amesimama kwenye matope anachora na glavu mkononi kwa sababu ya mbu. Mtu ateseke vile, halafu msomaji wa leo auziwe doa! Nilirudisha kitabu. Fedha nilirejeshewa baada ya barua pepe tatu, gharama ya posta ikabaki juu yangu.

Mara ya pili nilitafuta chapa ya kampuni ya Dover ya 1969, ya mtumba, na safari hii nilimwandikia muuzaji kwanza: naomba picha ya nguzo moja ya Copán na ya ramani. Alinitumia jioni ile ile. Mgongo wa juzuu la kwanza umepauka kwa jua, na mwenye kitabu wa zamani amepiga mstari wa penseli pale Stephens anaposema anaamini historia ya Copán imechongwa kwenye mawe yake. Mstari huo siuhesabu kuwa kasoro hata kidogo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1950, bingwa wa maandishi ya Wamaya kama Eric Thompson bado alishikilia kwamba maandishi yale ni ya kalenda, nyota na miungu, si habari za watu. Mwaka 1960 mtafiti Tatiana Proskouriakoff alichambua tarehe za mawe ya Piedras Negras, mji mwingine wa Wamaya, akaonyesha ni maisha ya watawala: kuzaliwa kwao, kutawazwa kwao. Stephens alikuwa amekisia sawasawa.

Ndiyo maana nang'ang'ania michoro. Katika chapa ya Dover naweza kufuata alama moja moja ubavuni mwa nguzo, na kilemba cha mfalme nakiona kinapoishia. Karatasi ni nzuri, kurasa hazijaachia. Naipa nyota tano. Ile ya kwanza, moja, kwa ajili ya maneno.

Sasa natafuta kazi ya Alfred Maudslay, mchunguzi mwingine wa magofu ya Wamaya, yale majuzuu yake ya picha na michoro ya 1889 hadi 1902, hata kama ni nakala ya baadaye. Muuzaji yule wa pili anasema anayo mawili. Nimeomba picha za michoro, ninasubiri.