Ndege ya rimoti ya mabawa ya mita 1.1: miezi saba, imeanguka mara 11, bado inaruka

Naanza na hesabu ya hasara, maana ndiyo niliyoitafuta kila mahali kabla sijanunua nikaikosa. Ndani ya miezi saba ndege hii imeanguka vibaya mara 11. Imemaliza propela sita, servo mbili (vimota vidogo vinavyosogeza usukani), tairi la mbele na betri moja. Pua nimeimwagia maji ya moto mara tatu, nitaeleza kwa nini. Bawa la kulia lina vijiti vya mishikaki ndani yake. Na Jumapili iliyopita imeruka dakika nane, ikatua kwenye mabua ya mahindi, nikaiokota bila hata mkwaruzo.

Kampuni siitaji. Viwanda vinavyotoa ndege za namna hii ni vingi, zenyewe zinafanana kama sare za shule, na mengi nitakayosema yanahusu aina hiyo kuliko stika iliyobandikwa ubavuni. Aina yenyewe ni hii: mabawa yamekaa juu ya kiwiliwili, urefu wake kutoka ncha hadi ncha milimita 1,100, mota iko mgongoni nyuma ya bawa, inasukuma badala ya kuvuta, mwili ni povu gumu liitwalo EPO, jamaa wa karibu wa yale maboksi meupe ya samaki ila lenyewe halimeguki ovyo. Ikiwa na betri yake ya volti 11.1 haifiki kilo moja.

Mota kukaa nyuma ndiyo sababu niliichagua hii nikaacha zile zenye sura ya ndege za vita. Ndege yenye mota puani ikichomeka ardhini, cha kwanza kupokea kipigo ni propela, halafu shafti ya mota, halafu mfuko wako. Hii inatanguliza povu. Na povu linatibika.

Bei: hadi naishika mkononi hapa Morogoro ilinitoka kama laki nne na themanini. Boksi lina ndege, rimoti, betri moja na chaja. Betri moja haitoshi, tusidanganyane. Utaendesha kilomita 20 kwenda shambani, uruke dakika nane, kisha ukae chini ya mti saa mbili ukisubiri chaji? Muuzaji niliyemwagizia mtandaoni alipokea hela ya betri mbili za ziada, akakaa nayo wiki tatu, ndipo akaniambia wasafirishaji wamezikataa. Betri hizi za lithiamu ni mzigo wa moto, hawapendi kuzipakia hovyo. Mwishowe aliyeniletea ni binamu yangu anayefuata mzigo Guangzhou, China, kwenye begi la mkononi, ncha zikiwa zimefungwa selotepu. Kila moja ina wati-saa 24 na kidogo, na abiria huruhusiwa za hadi 100 bila kuomba kibali cha shirika, kwa hiyo hakusumbuliwa.

Halafu kuna ruhusa. Anga ya Tanzania iko chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na chochote kinachoruka bila rubani, kiwe na kamera au kisiwe nayo, nenda kaulize kwao kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kukwama forodhani. Ila ruhusa iliyonipa kazi zaidi ilikuwa ya kijijini. Nilipata shamba lililokwisha kuvunwa, njia ya Dodoma, mbali na nyumba na nguzo za umeme. Mwenye shamba ni mzee wa makamo ya baba yangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hicho kidude chako kinapiga picha?”

“Hapana mzee, hakina kamera. Kinaruka tu.”

“Kinaruka kinakwenda wapi?”

“Kinazunguka, kinarudi hapa hapa.”

Akaitazama ile ndege, akanitazama na mimi. “Sasa kama kinarudi hapa hapa, kinaondoka kufuata nini?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Alinikubalia kwa sharti moja, nisiipitishe juu ya ng’ombe wake.

Kuruka kwenyewe. Nenda mapema, saa moja asubuhi unatakiwa uwe umeshafika. Ikigonga saa nne upepo umeamka, na kitu kisichofika kilo moja chenye mabawa mapana hivi kinayumbishwa kama mfuko wa Rambo. Kabla ya yote pima uzito. Weka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kila kimoja upande wake, pale kwenye alama za kiwandani: pua iiname kidogo sana au ndege ikae sawa. Mkia ukizama, sogeza betri mbele. Mkia mzito ndio uliomaliza ndege ya jirani yangu siku ya kwanza kabisa. Ilipanda wima kama inaitwa, ikasimama hewani, ikashuka kwa mgongo.

Kuirusha kwa mkono kuna mtego wake kwa hizi za mota ya nyuma, kwa sababu propela inapita nyuma ya mkono wako. Shika tumbo mbele ya bawa, elekea upepo, tupa kwa usawa bila kuielekeza juu, halafu ndipo uongeze mota. Mimi mara ya kwanza nilitanguliza mota. Kucha ya kidole cha kati imeota upya, namshukuru Mungu.

Ndani ina jairo, kifaa kinachohisi mwinamo na kuirekebisha ndege chenyewe, na kwenye rimoti kuna swichi ya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza haikubali ndege ilale sana hata ukivuta fimbo mpaka mwisho. Ukiachia vidole, inajinyoosha yenyewe. Ngazi ya pili inakulegezea kidogo. Ya tatu imekuacha na dunia yako. Kila unayemsoma anasifu jairo hili, na ni kweli bila hilo nisingemaliza asubuhi ya kwanza. Lakini lilinilemaza. Nilikaa ngazi ya kwanza wiki tano nikijiona rubani, kumbe rubani ni jairo na mimi ni abiria mwenye fimbo.

Siku niliyohamia ngazi ya tatu ndiyo niliyojua. Ndege ikiwa inakwenda mbele yako, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ikigeuka kukujia, mambo yanapinduka: unasukuma fimbo kushoto, kwa macho yako inalalia kulia. Kichwani nalijua hilo. Vidole havikuwa na habari. Ilinijia imelalia upande mmoja, nikarekebisha, ikazidi kulala, nikaongeza kurekebisha, na ule mwembe pekee wa shamba zima, mmoja tu katika ekari sita, ukaipokea.

Watoto walifika kabla yangu. Mmoja akauliza kwa sauti ya msibani, “Anko, imekufa?”

Kilichonisaidia baadaye ni hila moja ndogo: ikiwa inakujia, angalia bawa lililoinama, sukuma fimbo upande ule ule bawa lilipo, kama unaliwekea kigingi lisianguke. Usifikirie kushoto wala kulia. Nilifanya mazoezi kwenye simuleta ya simu kila usiku kwa wiki mbili, mke wangu akidhani nacheza gemu, na kwa kweli nilikuwa nacheza gemu.

Sasa nije kwenye matengenezo, ambayo nakiri nayapenda kuliko kuruka.

Ule mwembe uliniachia pua iliyobonyea kama chungwa lililokaliwa, na bawa la kulia limekatika theluthi moja kutoka ncha. Pua ni rahisi ajabu. Toa betri na kila chenye umeme, funika tundu la ndani kwa nailoni. Chemsha maji, mwaga polepole juu ya sehemu iliyobonyea kwa kijiko kikubwa, au uichovye kwenye sufuria sekunde chache kisha uitoe. Zile chembe za povu zina hewa ndani. Joto linaivimbisha, na unaona kwa macho yako pua inajiinua, mkunjo unajifuta, kama andazi linavyoumuka kwenye mafuta. Haitakuwa laini kama mwanzo. Ngozi inabaki na vipele vidogo vidogo, na ukizidisha moto inavimba kupita kiasi na kupoteza umbo. Acha ipoe kabisa ndipo uguse.

Bawa lilihitaji mfupa. Kiwandani waliweka fito ya kaboni, na ilipovunjika ilipasuka nyuzi nyuzi. Fito ya kuagiza ingenichukua mwezi. Nilichanja mfereji chini ya bawa kwa kisu cha wembe, nikalaza vijiti vinne vya mishikaki viwili viwili, viungo vyake visikutane pamoja, nikavifunika kwa gundi ile ya kuchanganya tyubu mbili. Juu nikapitisha selotepu pana yenye nyuzi. Bawa limeongezeka gramu chache upande wa kulia, kwa hiyo nimebandika sarafu ya shilingi 200 kwenye ncha ya kushoto. Inaruka sawa, na si kwa kubahatisha.

Supa gluu unaweza kuitumia kwenye EPO bila shida. Nawaambia hivyo kwa sababu kwenye povu la maboksi ya samaki inatoboa kama tindikali, na mimi niliiogopa hii kwa mwezi mzima bure. Servo za gramu 9 nazo hazikunisumbua, ni zile zile wanafunzi wa vyuo wanazofungia roboti zao, Kariakoo unazipata. Ila kabla ya kufunga mpya, iwashe kwanza mkononi na uhakikishe inazunguka upande unaotakiwa. Fito inayovuta usukani wa mkia niliitengeneza kwa spoku ya baiskeli.

Betri ndiyo sehemu ambayo sina utani nayo. Kila seli, yaani kila kibetri kilichopangwa ndani yake, ikijaa ni volti 4.2, mimi naweka kengele ndogo inayolia seli ikishuka hadi 3.5, nikiisikia natua, hata kama raha ndiyo imekolea. Ile moja iliyokufa niliisahau imechomekwa ndani ya ndege usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imevimba. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haitupwi jalalani na takataka za jikoni. Nachaji ndani ya chungu cha udongo, juu ya sakafu ya simenti, mbali na pazia, na silali betri ikiwa kwenye chaja. Zikikaa zaidi ya siku chache naziacha kwenye volti 3.8 kwa seli.

Desemba niliibeba kwenda Njombe ukweni. Kule ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa kiasi cha karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Ndege ile ile, betri ile ile, ikawa mvivu kupanda na inataka kasi zaidi ili isianguke. Nilitua kwa mwendo wa nyumbani, ikakata pumzi urefu wa mtu kutoka ardhini. Hiyo ni ya tisa katika zile 11. Shemeji zangu walipiga makofi, wakidhani ndivyo inavyotua.

Malalamiko yangu. Matairi ni ya mapambo: kwenye udongo wa shamba tairi la mbele linanasa na ndege inapiga sarakasi, nimeyang’oa yote, sasa inatua kwa tumbo. Chaja ya ndani ya boksi ni ya polepole mno, nunua nyingine yenye kioo inayokuonyesha kila seli. Propela za akiba wanaweka moja tu, agiza sita siku ile ile unayoagiza ndege. Skrubu ya propela ilikuja haijakazwa, ilinichomoka hewani safari ya tatu. Kaza kabla ya kila safari. Na hili ndilo kubwa: kipokezi cha rimoti na jairo vimeunganishwa kwenye bodi moja. Ikifa, huwezi kubadilisha kimoja, na bodi hiyo peke yake ni karibu robo ya bei ya ndege nzima. Mimi nimeifunga kwa sponji pande zote. Imenusurika na mwembe.

Kwa anayeanza naipa nyota nne kati ya tano. Kama huna uwanja mpana na asubuhi za bure, usinunue, itakaa juu ya kabati ikusanye vumbi. Kama mkono wako ni wa ufundi, unayefungua redio mbovu badala ya kuitupa, utaipenda zaidi ikishavunjika.

Mzee mwenye shamba sasa anakuja na kigoda chake. Wiki jana alinielekeza kwa fimbo yake: “Upepo umegeuka, peleka kule kwa mkonge.” Alikuwa sahihi.