Betri kavu kwa gari lenye turbo Dodoma: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la spea Dodoma na Subaru STI au Forester XT, muuzaji atakuonyesha kwanza betri yenye CCA kubwa. Namba hiyo ni nguvu ya kuwashia injini kwenye baridi, na hupimwa betri ikiwa kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Dodoma hata Julai alfajiri, watu wakiwa na makoti, bado ni nyuzi kumi na kitu. Kwa hiyo usilipie CCA ya ziada. Ukishafikia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, inatosha.

Kinachoua betri huku ni joto. Mafundi wa betri wana kanuni yao: ukivuka nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hula karibu nusu ya umri wa betri. Sasa fikiria gari lenye turbo limetoka Morogoro kwa mwendo, likazimwa Kibaigwa mchana wa Oktoba dereva ateremke kula. Feni imesimama, upepo umekata, boneti imefungwa, turbo bado ina moto. Hapo ndipo betri inapoungua, si barabarani.

La pili ni kulala. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wengi wanapanda treni na kuliacha gari nyumbani Kisasa au Nzuguni. Alamu na king'amuzi cha GPS vikinyonya miliampea 50 tu, hiyo ni Ah (ampea-saa) 1.2 kwa siku. Wiki tatu zinaondoka na Ah 25, na betri ya saizi ya Impreza ina kama Ah 60 tu. Ukiwa na amplifaya iliyofungwa vibaya kwenye buti, wala hufiki wiki tatu.

Kabla ya kuchagua aina, soma namba ya betri ya zamani. Tuseme ni 75D23L. 75 ni daraja la nguvu, D ni upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande wa vichwa: ukiigeuza vichwa viwe upande wako, chanya iko kulia. Kwa R, chanya iko kushoto. Ukichukua R badala ya L, waya wa chanya hautafika, na fundi mwenye haraka atauvuta mpaka ufike. Usikubali. Madukani utasikia pia NS60 (hiyo ni saizi ya B24), NS70 (D26) na N70 (D31). Mwenye gari la D23 akikuta imeisha, huambiwa "chukua NS70, ni kubwa zaidi". Inazidi kwa sentimita kama tatu, na kwenye gari ambalo boneti imejaa mabomba ya turbo hizo si kidogo.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja, kwa gari lenye betri ndani ya boneti: betri kavu ya kawaida ya kalisi, ile iliyoandikwa MF (huongezi maji, si kwamba haina), lakini iliyotoka kiwandani karibuni. Najua wenye magari ya mbio hawapendi kusikia hivyo. Lakini ina maji mengi ndani kuliko AGM, na kwenye joto hiyo ni akiba. AGM maji yake yamenyonywa kwenye pamba ya kioo, hayana ziada, na yakikauka hakuna pa kuongezea. MF mpya ya bei ya kati, ikikingwa na joto, ndiyo ningemshauri mwenye STI wa Dodoma bila kusita.

Namba moja pia, kwa gari lenye betri kwenye buti: hapo ni AGM. BMW E90 na E46 nyingi ziko hivyo. Huko nyuma hakuna moto wa injini, AGM inavumilia kushuka chaji na kupanda tena, na haimwagi asidi ikiinama. Hakikisha tu ina tundu la bomba la hewa na bomba lenyewe limerudishwa, kwa sababu ikichajiwa kupita kiasi hata betri iliyofungwa hutoa gesi, na buti inapakana na abiria.

Namba mbili ni EFB, yaani betri za maji zilizoimarishwa, zenye majina kama Q-85, ambayo ni saizi ya D23. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa nyekundu, Mazda za i-stop kwa mfano, linahitaji hii au AGM; ukiweka MF ya kawaida itakufa mapema. Kwa STI ya zamani ni nzuri, ila unalipia kazi isiyokuwepo.

Namba tatu, Optima na wenzake wa AGM ya kuviringishwa. Zinahimili mtikisiko vizuri sana, na anayetoka lami mara kwa mara kwenda shamba atafurahi. Bei yake lakini ni ya kukaa chini kwanza.

Mwisho kabisa: lithiamu, na zile ndogo za mashindano kama Odyssey PC680 yenye kilo 7 na Ah 16. Kupunguza uzito ni kutamu. Ah 16 na alamu juu yake, wiki mbili gari limekufa. Lithiamu nayo haipendi kukaa jirani na turbo.

Aina yoyote utakayochukua, tafuta tarehe ya kutengenezwa. Ikizidi miezi sita dukani bila kuchajiwa, omba nyingine. Na iliyopangwa kibarazani juani ipite tu. Nenda na mita yako: volti 12.6 au zaidi ni nzuri, chini ya 12.4 rudisha. Lile jicho la kijani linaonyesha chumba kimoja kati ya sita, kwa hiyo lisikutulize. Inyanyue pia. D23 nzima huwa na kilo 15 hadi 17; nyepesi yenye stika inayong'aa juu ya boksi lililokwaruzwa ni ya zamani iliyooshwa.

Kufunga hakuhitaji zaidi ya spana namba 10. Anza kufungua hasi, ndipo chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza. Ukianza kufungua chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake utazikumbuka. Sugua klempu kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae. Vichwa vya B mara nyingi ni vyembamba kuliko vya D, na fundi akijaza kipande cha kopo ili klempu ikaze, mwambie alete klempu ya saizi. Kaza nondo ya kushikilia, kisha jaribu kuitikisa betri kwa mkono: isicheze hata kidogo. Na lile koti la kuzuia joto linalokuja na baadhi ya magari ya Kijapani, ambalo gereji nyingi hulitupa kwa kuwa linawachelewesha, lirudishe. Kwa gari la turbo koti hilo lina thamani kuliko CCA mia za ziada.

Washa injini upime tena: volti 13.8 hadi 14.7 ni salama. Ikipita 15, altaneta inachemsha betri mpya kama ilivyochemsha ya kwanza. Subaru inaweza kuyumba sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) kwa muda mpaka kompyuta izoee. BMW zenye kihisi kwenye klempu ya hasi zinataka kusajiliwa betri mpya kwa mashine, la sivyo zinaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Dai risiti ya EFD yenye tarehe, maana bila hiyo dhamana haipo, na ile ya zamani usiiache bure: risasi yake inauzika, na maduka mengi hupunguza bei ukiwaachia.