Orbiter 2010 kwenye laptopu ya mtumba, nimeruka kutoka Ngomeni: uzoefu wangu

Sisi tukikutana jioni barazani ni ubishi wa gemu za angani tu, na si hizi mpya za magiga mia, ni zile za zamani. Mjomba wangu kwake hakuna kama Elite, ile iliyotoka 1984, waliitengeneza vijana wawili wakiwa bado wanasoma Cambridge, David Braben na Ian Bell, wakaikamua ikaingia ndani ya kompyuta ndogo ya zamani, BBC Micro, yenye kilobaiti 32 za memori na bado mna galaksi 8 na kila galaksi ina nyota 256. Mjomba akianza kuihesabu hiyo kwa vidole humnyamazishi. Jamaa yangu wa Shela (Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu) yeye ni Freelancer ya 2003, manake waendesha kwa mausi tu huhitaji joistiki, unabeba mali unauza unapigana na maharamia. Na mimi nlikuwa mtu wa TIE Fighter ya 1994, nlipenda vile unagawa nguvu ya chombo, hii upe leza hii upe injini, usipogawa vizuri umekwisha.

Sasa nimehama. Nimehamia Orbiter, gemu ya kompyuta ya kuendesha vyombo vya angani, nimeicheza miezi minane karibu kila usiku nikishafunga duka, na naipa tisa kwa kumi, ile moja nliyoitoa ntasema kwa nini.

Orbiter si gemu ya risasi. Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna wa kukwambia umeshinda. Imetengenezwa na Martin Schweiger wa University College London, toleo la kwanza lilitoka 2000, ni ya bure tangu siku hiyo, na 2021 akaachilia msimbo wake wote mtu yeyote autazame na aubadilishe. Unapewa chombo, unapewa sayari na mvutano wake, na baada ya hapo ni wewe. Kwa TIE Fighter chombo kinapinda kama ndege iliyoko hewani, humu hakipindi hivo. Humu ukizima injini chombo kinaendelea vilevile na ukitaka kupunguza mwendo lazima ukigeuze tezi (nyuma yake) iwe mbele ndo uwashe. Siku mbili za kwanza nlikasirika kabisa. Ya tatu nikaanza kuipenda na mpaka leo sijarudi kwengine.

Laptopu yangu ni ya mtumba, Windows 7, ramu giga 2, bawaba moja imevunjika naiegemeza kwa mkebe wa maziwa ya unga. Toleo la 2010 linakwenda juu yake bila kukwama. Nliidaunlodi saiba nikaitia kwa flashi, na haina haja ya kuinstoli, waifungua zipu ndani ya folda unabonyeza inakuja. Iko ya 2016 yenye milima na mabonde kweli kweli lakini picha zake zile nzuri zenyewe ni magiga makumi, kwa bando gani? Mimi 2010 inanitosha.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike.

Mimi kwetu ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wa Malindi wanaijua San Marco, yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyosimama baharini kwenye ghuba ya Ungwana. Hapo ndo setilaiti ya Uhuru iliporukia tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru na ndo maana ikapewa jina hilo, jina la Kiswahili juu ya chombo cha Marekani kilichorushwa na Waitaliano. Ndo setilaiti ya kwanza kabisa iliyopelekwa juu kwa kazi ya kutafuta miali ya eksirei kutoka kwa nyota, na kiongozi wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, akaja kupata Nobeli 2002. Mi nimekulia nikiiona San Marco kwa mbali kila siku ya Mungu na hakuna mwalimu aliyenambia haya, nlikuja kuyasoma mwenyewe mtu mzima.

Orbiter inakuanzishia Cape Canaveral huko Florida. Nikasema sivyo, mimi naruka kutoka kwetu. Kumbe ni rahisi sana, kila safari ni faili ya maandishi tu, unaifungua kwa Notepad, unafuta ule mstari unaotaja kituo, halafu mahali pa POS (yani pale chombo kilipo) unaandika namba za mahali unapotaka. Nikaandika -2.94 40.21, nikafungua, naona nchi kavu, hakuna bahari hakuna pwani. Nikabonyeza ramani. Niko Hispania, mashariki ya Madrid! Manake Orbiter yataka longitudo ianze ndo latitudo ifuate, mi nlikuwa nimegeuza. Nikarudi nikaandika 40.21 -2.94, nikafungua tena, na hapo nikaona ukingo wa pwani yetu vile unavyojikunja kutoka Malindi kupanda hadi Ungwana, chombo kimekaa juu ya maji kama kimekaa juu ya saruji (kwa toleo hili bahari ni ngumu, hakizami). Niliikaa nikiitazama ile picha muda mrefu sijagusa kitu.

Na si kwamba nataka kwetu kwa sababu ni kwetu tu. Ipo faida. Dunia inazunguka kwenda mashariki na pale karibu na ikweta ardhi inakwenda kama mita 465 kwa sekunde, kule Florida ni kama 408, kwa hivo ukirukia Ngomeni kuelekea mashariki unaanza na mita zaidi ya hamsini za bure na pia unaingia kwenye mzunguko uliolala karibu sawasawa na ikweta. Uhuru yenyewe mwinamo wake, yani vile njia yake ilivyoinama kutoka ikweta, ulikuwa digrii 3. Hiyo ndo sababu Waitaliano walikuja mpaka hapa.

Kuruka kwenyewe nilianguka mara nne. Chombo nnachotumia ni Delta-glider, kina injini za chini za kukinyanyua, unashika 0 ya zile namba za pembeni kinapanda wima, halafu unawasha injini kubwa unaelekea digrii 90 mashariki. Kosa langu nlikuwa napanda juu sana mapema, nafurahia kuona anga imekuwa nyeusi, kumbe urefu peke yake haukuweki juu, kinachokuweka ni kwenda mbio upande, kilomita 7.8 kwa sekunde. Mara tatu nimetumbukia Bahari ya Hindi na mara moja nlifika mbali karibu na Sumatra. Mara ya tano nikalaza pua chini mapema, kuna skrini mbili za kijani mbele yako na moja inakuchorea njia yako kwa duara, dunia ya kijivu na njia yako ya kijani, nikawa naitazama ile ya kijani inavimba inavimba mpaka ikatoka yote nje ya ile ya kijivu. Nikazima injini. Kimya. Saa saba na nusu za usiku, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kutoka hapo nikataka kwenda kufunga gati kwenye kituo cha kimataifa, ISS. Hichi kinazunguka kwa mwinamo wa digrii 51.6 kwa hivo kutoka Ngomeni huelekei tena mashariki, waelekea kaskazini mashariki kama digrii 38, Lamu unaiwacha mkono wa kulia unaingia Somalia. Na huendi wakati wowote, yani njia ya kituo inapita juu yenu mara mbili kwa siku, ukichelewa usubiri, sawasawa na mashua iliyolala mkokoni inangoja maji yajae. Kubonyeza T saa zinakwenda mbio mara 10, mara 100, kwa hivo kungoja huko si kwa kweli kweli.

Hapa kwenye kukifikia kituo ndo watu wengi huiacha gemu. Nlikuwa nyuma yake kama kilomita 300, nikaelekeza pua kwake nikawasha injini, na kila nikiwasha kinazidi kuniacha. Nikawasha zaidi kikanikimbia zaidi. Usiku mbili nzima. Mpaka nlipokuja kuelewa kwamba ukiongeza mwendo njia yako inapanda juu inakuwa ndefu, mzunguko wako unachukua muda mrefu kuliko wake, ndo maana unabaki nyuma. Ukitaka kumkuta alie mbele yako punguza mwendo, ushuke, huko chini mzunguko ni mfupi, kilomita 200 ni kama dakika 88 na kilomita 400 ni kama dakika 92, kwa hivo kila mzunguko unamkaribia kidogo. Nlipoliona hili likifanya kazi mbele ya macho yangu nilisimama nikazunguka chumbani.

Sasa ile siku ya kufunga gati yenyewe alikuwepo babu. Babu alikuwa nahodha, ana miaka themanini na kitu, amepiga safari za Lamu na Mombasa tangu majahazi hayajatiwa injini, na macho bado mazuri ya mbali. Nikamwambia babu shikamoo, njoo ukae utazame. Akaitika marahaba akavuta kiti. Nlikuwa kilomita mbili nakuja kwa mita 30 kwa sekunde.

"Hicho chombo kina nanga?"

"Hakina babu."

"Breki?"

"Hakina."

"Basi mbona waja mbio hivo? Gatini huingii na tanga limejaa. Tua tanga ukiwa mbali, uje na ule mwendo uliobaki."

Na wallahi ndivyo ilivyo. Nikageuza tezi mbele nikapunguza mpaka mita 5, kilomita moja, nikapunguza tena, mita mia niko nusu mita kwa sekunde. Kuna skrini inakuonesha msalaba na duara, ukipotoka msalaba unakwenda pembeni unagusa kidogo tu injini ndogo unaurudisha, ukigusa sana umeharibu. Babu akawa anasema "gusa... wacha... wacha, litakuja lenyewe." Mita kumi za mwisho nlikwenda kwa sentimita 10 kwa sekunde, dakika moja na nusu na zaidi, hakuna aliyesema kitu chumbani. Zikasoma sifuri. Babu akapiga goti langu akasema "Umefunga." Halafu akaniuliza umerukia wapi, nikamwambia hapo San Marco. Akanyamaza kidogo, akasema wao zamani walikuwa wakiuona ule moto ukipanda, ulikuwa ukiutazama mpaka shingo inauma, na hakuna aliyewaambia unakwenda wapi.

Haya, ile moja nliyoitoa. Kwanza keibodi: Orbiter inategemea zile namba za pembeni, na laptopu ndogo hazina. Bila 5 ya pembeni hukizuii chombo kikianza kuzunguka kama pia. Mi nlinunua keibodi ya USB shilingi mia nne, inunue kabla hujaanza usijitese. Pili haina sauti, sauti unaitia mwenyewe kwa programu ya nyongeza iitwayo OrbiterSound, ingawa mi nimeiwacha bila sauti na naipenda hivo. La tatu ndo limenikera zaidi, ukikosea mlango wa kituo chombo hakigongi, kinapita katikati ya vyuma kama jini kinatokea upande wa pili, na gemu inayojali ukweli kiasi hichi haikustahili kuwa na kitu hicho. Na joistiki, kuna duka mjini liliniuzia ya mtumba ambayo hata ukiiachia inavuta kushoto, kwenye mipangilio unaweza kuiambia Orbiter ipuuze zile nyendo ndogo za katikati, nikaongeza hapo ikatulia nusu nusu.

Jamaa wa Shela nimempa flashi, amefika mwezini kabla yangu, siku tatu za safari ukiweka mara 1000 ni dakika nne na kitu, lakini ameniambia hakuweza kufanya kitu kingine dakika hizo zaidi ya kuutazama mwezi unavyokua. Mjomba bado na Elite yake. Ila juzi alikuja dukani akaniuliza kama Mir, kile kituo cha angani cha Warusi, imo, nikamwambia imo, ile yenyewe iliangushwa Pasifiki Machi 2001 lakini humu bado inazunguka, akasema nimfungulie.

Walioko Lamu kama mwataka kurukia kwenu POS ni 40.90 -2.27, longitudo mbele.